Baridi ya Chicago: rekodi ya siku au wastani wa miaka 30?

Kila wanaohamia Chicago wakiuliza wajiandae vipi, mjadala huu huibuka: wafuate rekodi ya siku, yaani baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa tarehe hiyo, au wastani wa miaka 30? Tuchukue tarehe 20 Januari. Rekodi yake ni ya mwaka 1985: nyuzi -33 za Selsiasi, baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa rasmi mjini humo. Wastani wa 1991 hadi 2020 unasimulia mengine kabisa: usiku wa Januari hushuka hadi kama -7, mchana huzunguka sifuri.

Kwenye gharama wastani unashinda. Koti zuri, buti na glavu vinatosha siku nyingi.

Kwenye kuaminika, rekodi ina kasoro isiyotajwa sana. Vipimo vya Chicago vilianza miaka ya 1870 katikati ya jiji, karibu na Ziwa Michigan, ambalo hupunguza makali ya baridi. Tangu 1980 kituo rasmi kiko uwanja wa ndege wa O'Hare, mbali na maji. Kulinganisha 1885 na 1985 ni kulinganisha mahali pawili tofauti. Wastani huhesabiwa upya kila miaka 10, jambo ninalolipenda, lakini unaficha siku za hatari: tarehe 30 Januari 2019 ilifika -31, na kwa baridi hiyo ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika chache.

Mwanafunzi anayepanda treni afuate wastani. Mwenye nyumba yenye mabomba ya maji, mwenye mtoto mchanga, au anayefanya kazi nje usiku, aangalie rekodi kwanza.