Begi la Lita 40 Nililozunguka Nalo Vietnam: Zipu Naipenda, Kifuniko cha Mvua Kimenichosha

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo ni begi. Hili hapa, bado lina tope la Vietnam kwenye mishono, sijalifua makusudi. Nembo nimeiziba kwa plasta, maana nitakayoyasema yatamkera mwenyewe na mimi kesi sitaki. Lita 40, sehemu ya laptopu, sehemu ya chupa, hayo yote yako kwenye tangazo, kasomeni. Sisi twende kwenye maji.

Kaka wa kamera, sogea. Sogea tena. Hapa chini kuna kimfuko, na ndani yake kuna kifuniko cha mvua. Unakivuta, unalivalisha begi, unakaza kamba, tayari. Kwenye picha za dukani kinapendeza kweli. Ndani ya begi nimeweka taulo kavu na hizi tishu. Namimina maji kwa kikombe, taratibu, sijachukua ndoo msije mkasema nimelionea. Mbele, safi. Pembeni, safi, yanateleza yenyewe. Sasa ngoja niligeuze.

Huku ndiko kunakolala mgongoni. Mvua hailinyeshei begi peke yake, inakunyeshea na wewe: inaanzia kisogoni, inashuka shingoni, inaingia hapa. Na huku kifuniko hakifiki, kwa sababu mikanda ya mabegani lazima itokeze. Hilo ni la vifuniko vyote, sitawalaumu hawa peke yao. Ninachowalaumu ni hiki. Tazama chini. Unaona lile tumbo? Maji yote yaliyopita mgongoni yamekusanyika ndani ya kifuniko na hayana pa kutokea. Hakuna tundu hata moja! Nabonyeza, sikilizeni. Umesikia? Hapo umebeba beseni. Nafungua... taulo, chapachapa. Tishu ndiyo usiseme, inakatika mkononi.

Sasa wazia hilo Hue. Hue ni mji ulio katikati ya nchi, na mvua zake za Oktoba na Novemba hazina adabu. Inaanza asubuhi, unakula mchana inanyesha, unalala inanyesha. Nimetoka stesheni kwenda hosteli kwa miguu, kufika nguo zote za chini ya begi nazikamua. Wenyeji hao wanapita kwenye pikipiki zao, wakavu! Wana makoti ya mvua mapana, yanamfunika dereva, mzigo, mpaka usukani. Mengine yana kidirisha cha plastiki angavu hapo mbele ili taa imulike barabara. Nikanunua la kwangu kwenye kibanda cha pembeni ya soko, kwa pesa yetu haifiki hata elfu kumi, nikajifunika mimi na begi. Tangu siku hiyo kifuniko hiki sikukigusa tena.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "weka mfuko wa plastiki ndani." Kweli, nilifanya hivyo, na inasaidia. Kule mifuko unapewa kila mahali, hata kwenye basi la vitanda unavua viatu mlangoni unakabidhiwa mfuko wa kuvitia. Ila mfuko huo usirudi nao Bongo, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku hapa tangu Juni 2019. Toka na mfuko wa turubai kutoka nyumbani.

Lakini hii zipu! Hapa nawapa haki yao. Inazunguka begi lote, unalilaza linafunguka kama lilivyo, kila kitu unakiona. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City ni kilomita 1,726, na mimi nilichukua chumba cha vitanda 6, kitanda cha juu kabisa. Kule juu hukai, unalala tu, dari iko usoni. Begi la kufungulia juu ungelimwaga lote kutafuta chaja. Mimi navuta zipu kidogo pembeni, naingiza mkono, nimepata. Na kati ya Hue na Da Nang treni inapita ukingoni mwa mlima wa Hai Van, bahari iko chini yako. Kaeni upande wa bahari, mengine mtanishukuru baadaye.

Kimfuko cha kiunoni nacho kizuri. Noti ya dong 500,000 na ya 20,000 zote ni za buluu, usiku kwenye mwanga hafifu unaweza kulipia supu kwa hela ya hoteli. Kubwa nikaziweka hapa, ndogo mfukoni.

Viza, maana mnaniuliza kila siku: ni ya mtandaoni, tangu Agosti 2023 wameifungua kwa nchi zote, hadi siku 90. Video yake inakuja. Na kuanzia mwezi ujao tutakutana Ijumaa, siyo Jumatano.

Bei. Mimi nimetoa 280,000, na hapo ndipo roho inauma, kwa sababu sokoni Karume ukiamka mapema unaokota begi la Osprey au Deuter la mtumba ambalo mgongo wake umetengenezwa na mtu aliyewahi kubeba begi. Hanoi, mitaa ya zamani, mabegi yenye nembo kubwa yamejaa kwa bei ya kukutia mashaka. Nilivuta zipu za matatu manne pale dukani, nikayarudisha.

Sasa angalieni, nina msumari nimeuchoma kwenye jiko. Natoboa hapa chini ya kifuniko... harufu yake mbaya, fungua dirisha. Namimina tena. Mnaona? Yanachuruzika. Mgongo bado utalowa, hilo msumari hauliwezi. Likishuka chini ya laki mbili na safari yako ni ya kiangazi, chukua. Unayekwenda Hue Novemba, hela yako ianzie kwenye koti la pikipiki.