ThinkPad T480 ya mtumba kwa kazi za mikrokontrola: uzoefu wangu

Kama unatafuta kompyuta ya kuprogramu Arduino, ESP32 na jamaa zao, yaani bodi ndogo zenye mikrokontrola (chipu inayoendesha programu moja ya kuongoza vifaa), muuzaji akianza kusifia prosesa mwache amalize, kisha geuza mashine uangalie ubavuni. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno ina KB 32 tu za kuhifadhi programu na mwendo wake ni MHz 16. Haidai makubwa. Mimi niliichagua ThinkPad T480, kompyuta mpakato ya Lenovo, toleo la 2018, ya mtumba kutoka Kariakoo, na kilichonivuta ni matundu yake: USB mbili za kawaida, mbili za aina ya C, na tundu la waya wa mtandao. Bodi inakaa huku, kipanya kule. Zile nyembamba zenye USB-C peke yake zinapendeza machoni, ila kila bodi utaichomeka kwa adapta.

Prosesa yake ya i5 inanitosha kabisa. Kinacholeta tofauti ni SSD (diski ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya kazi). Arduino IDE 2, programu ya kuandikia na kupakia kazi kwenye bodi, ni nzito kuliko ile ya 1.8, na kukompaili (kugeuza ulichoandika kiwe lugha ya chipu) programu ya ESP32 kwa mara ya kwanza kunachukua muda hata kwenye mashine nzuri. Mara zinazofuata inakwenda haraka kwa sababu vipande vilivyokwisha kukompailiwa vinahifadhiwa. Nimeweka RAM ya GB 16, na hapo hata STM32CubeIDE, programu ya aina hiyo kwa chipu za STM32, ambayo ni zigo kwelikweli, inafunguka bila manung'uniko.

Betri ziko mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Umeme ukikatika katikati ya kupakia programu, kazi inaendelea. Ya nje niliyopewa ilikuwa imechoka, nikanunua nyingine. Kwa mtumba hilo litegemee.

Natumia Linux, na hapa wengi hulaumu kompyuta bure. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuongea na USB. Kwenye Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, programu ya brltty, inayohudumia vifaa vya nukta nundu vya wasioona, huidhani CH340 ni kifaa chake na kuinyakua, basi bodi haionekani. Kama hutumii vifaa hivyo, iondoe, kisha jiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji ndani ya Linux, ili uruhusiwe kutumia tundu. Ikigoma bado, shuku waya: kuna nyaya za simu za kuchajia tu, hazipitishi data hata kidogo.

Si nyepesi, na kioo chake cha kawaida hakifai kutumiwa juani. Mtu wa kuhangaika na vihisi shambani aitafakari hiyo.

Ukienda dukani, beba Uno yako na waya unaouamini. Ichomeke kwenye kila tundu, uone kama bodi inatambuliwa. Muuzaji akikukatalia, duka la jirani liko wazi.