TAHADHARI: "Ofa ya familia" ya Al Ain Zoo, hawataki dirhamu 49, wanataka kadi yako

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Al Ain, Dubai na Abu Dhabi, na nyinyi mnaovuka mpaka wa Buraimi mkitokea Sohar na Maskati. Kuna tangazo linazunguka Facebook na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: familia ya watu sita, kiingilio cha Al Ain Zoo, safari ya gari na kulisha twiga, vyote kwa dirhamu 49, ofa ya Sikukuu ya Taifa. Ni utapeli. Wifi yangu na mumewe wamepigwa zaidi ya riali 500 za Oman, na hizo dirhamu 49 hazikukatwa kabisa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu watu wakisikia tiketi feki wanajua hasara ni bei ya tiketi, basi, unasonya unaendelea na maisha yako. Hawa tiketi kwao ni chambo tu.

Wifi anaishi Sohar. Walipanga kuja kwetu na watoto na mama mkwe, tule pilau nyumbani mchana, jioni twende kuona wanyama. Shemeji akaliona tangazo, akabonyeza, likamfungulia WhatsApp moja kwa moja. Aliyejibu alianza kwa Kiingereza. Alipoona shemeji anachanganya Kiswahili akatuma ujumbe wa sauti, nami nimeusikiliza zaidi ya mara moja: "Karibu sana kaka yangu, hizi ni za mgao wa wafanyakazi, zimebaki chache. Nakutumia linki ujaze mwenyewe, mimi sishiki hela ya mtu." Kiswahili cha kwetu kabisa, na nyuma yake mtoto analia. Hayo maneno ya "sishiki hela ya mtu" ndiyo yaliyommaliza shemeji. Huku ugenini mtu akisikia lafudhi ya nyumbani anaacha kuuliza maswali ambayo angemuuliza mgeni yeyote, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Linki ilifungua ukurasa mzuri, nembo ipo, rangi ndizo, picha za choroa, wale swala weupe wa Uarabuni, zipo. Tovuti halisi ya zoo ni alainzoo.ae. Ya kwao ilianza na jina la zoo, ikafuata kistari, kisha neno la ofa, mwisho wake .shop. Juu kabisa waliweka picha ya panda anatafuna mwanzi. Sasa panda wa Ghuba wako Qatar, kule Al Khor, walipelekwa 2022. Ukiahidiwa panda Al Ain jua aliyetengeneza tangazo hajawahi hata kupita getini.

Shemeji akajaza namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukurasa ukazunguka, ukamwambia asubiri OTP, ile namba ya siri ya mara moja. SMS ikaingia, akachukua tarakimu sita akaziandika kwenye kisanduku. SMS hiyo bado iko kwenye simu yake, nimeisoma. Haitaji zoo wala dirhamu 49, haina kiasi chochote cha pesa. Inasema namba hii ni ya kuunganisha kadi yako na Apple Pay, usimpe mtu. Na shemeji anatumia Samsung, wakati Apple Pay ni malipo ya wenye iPhone.

Naomba mkae na hilo kidogo. Namba ile haikuwa ya kulipia kitu. Ilikuwa ya kuiingiza kadi yake ndani ya iPhone ya mtu mwingine. Kadi ikishaingia humo, mwenye simu anaingia dukani, anaangalia kioo cha simu yake, anagusisha kwenye mashine na kuondoka na mzigo. PIN haiulizwi, kwa sababu uso au kidole cha mwenye simu ndio uthibitisho, na kile kiwango kidogo cha kugusisha kadi bila PIN mara nyingi hakimhusu. OTP nyingine haiji. Kadi yenyewe iko mfukoni mwako, wewe umetulia, unajua salama.

Tiketi walituma kweli, faili la PDF, majina yote sita na QR kubwa katikati. Getini kijana wa mlangoni akaigusa kwa mashine mara mbili, ikakataa. Mimi nikaisoma kwa simu yangu, ikanirudisha kwenye WhatsApp ya yule yule muuzaji, ambaye sasa alikuwa na tiki moja tu. Ametublock sote. Yule kijana alikuwa muungwana, akatuonyesha dirisha la tiketi. Tukalipa kiingilio cha kawaida, ambacho wala si ghali, tukaingia. Watu wa zoo hawana kosa hapa, jina lao limeibiwa kama ilivyoibiwa kadi ya shemeji.

Tulikuwa kwa twiga, mtoto mdogo wa wifi kashika jani la mboga mkono juu, ulimi wa twiga ule mweusi mrefu unakuja, watoto wanapiga kelele, simu ya shemeji ikaanza kulia. Duka la simu. Dakika chache tena, duka lile lile. Kisha la manukato. Alizitazama zile meseji kama za mtu mwingine. Wifi ndiye aliyempokonya simu akapiga benki.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Benki walifunga kadi, wakasema mpya itatoka. Wifi, Mungu ambariki, akauliza: na ile iliyo kwenye simu ya huyo mwizi? Uliza swali hilo kwa maneno hayo hayo. Kadi mpya ikitolewa, ile iliyounganishwa kwenye simu inaweza kuhamia namba mpya yenyewe, bila mwenye simu kufanya kitu, maana mfumo umetengenezwa ili mteja halali asisumbuke. Kwa hiyo mwambie benki ifute kila simu iliyounganishwa na kadi yako, akuthibitishie kwamba hakuna iliyobaki. Kisha peleka malalamiko ya maandishi siku hiyo hiyo na namba ya kumbukumbu uitunze. Msitegemee sana kurudishiwa: benki hushikilia kwamba OTP umeitoa mwenyewe kwa hiari yako. Ya shemeji bado wanaichunguza.

Mliofungua akaunti benki za UAE msijione mko salama. Tangu Julai 2025 benki za hapa zimeanza kuachana na OTP za SMS, unathibitisha ndani ya programu ya benki. Tapeli atakachobadilisha ni sentensi tu, badala ya "nitajie namba" atakwambia "bonyeza kubali". Soma kilichoandikwa juu ya hicho kitufe: kiasi gani, duka gani, au ni kuunganisha kadi? Kama huelewi Kiingereza au Kiarabu chake, usibonyeze, mpe mtu unayemwamini asome.

Kuripoti: Al Ain iko chini ya polisi wa Abu Dhabi, huduma yao ya Aman ni 8002626, simu ya bure. Mliopo Dubai mnaripoti kupitia eCrime ya Polisi wa Dubai. Wa Oman nendeni kituo cha polisi mlichokaribu nacho mkiwa na SMS, meseji za WhatsApp na taarifa ya benki. Msifute kitu, hata ile sauti.

Najua mtaniuliza kwa nini sijaweka namba ya huyo mtu hapa, na wawili wameshaniita mwoga. Sheria ya makosa ya mtandao ya UAE, namba 34 ya 2021, haichezewi. Ukimwaga namba na picha ya mtu hadharani ukamwita mwizi, wewe ndiye unaweza kuitwa kituoni. Halafu namba za WhatsApp za namna hii mara nyingi laini yake ni ya masikini fulani aliyeibiwa akaunti. Nimezikabidhi kwa polisi, inatosha.

Na zoo nendeni, jamani, tena miezi hii ya baridi ndiyo yake. Sheikh Zayed aliianzisha 1968 chini ya Jebel Hafeet, na kuna kituo cha elimu ya jangwa chenye jina lake ambacho mama mkwe alikipenda kuliko simba, kwa sababu kuna kiyoyozi na pa kukaa. Pale kwa choroa shemeji alisahau kidogo masaibu yake, akawaeleza watoto kwamba choroa wa mwisho wa porini aliuawa kwao Oman 1972, na kwamba 1982 wakaanza kurudishwa kule Jiddat al-Harasis kutoka kwenye makundi yaliyofugwa. Mtoto akauliza nani aliwaficha. Tiketi chukueni dirishani au kwenye tovuti yao wenyewe. Safari ya gari inalipiwa mbali na kiingilio, kwa hiyo anayekuuzia vyote kwa dirhamu 49 hata hesabu yenyewe inamkataa.

Tangazo jana lilikuwa bado hewani, ukurasa umebadilishwa jina na panda yuko pale pale. Ukiliona kwenye grupu, mwambie admin alitoe, kisha liripoti kwa Facebook. Usilisambaze na linki yake hata kwa nia ya kuonya, maana kuna shangazi atabonyeza. Na kama una sauti ya muuzaji mwenye mtoto analia nyuma, niandikie inboksi, polisi wametuambia wanaihitaji.