Mashine ya unyevu ya nyumba nzima mjini Lubumbashi: inafaa nyumba gani?

Mashine ninayoipima hapa ni ile inayofungwa kwenye mifereji ya hewa ili iongeze unyevu katika nyumba nzima. Nimeitumia katika nyumba yenye klimatizeri moja kubwa iliyofichwa juu ya dari, inayosambaza hewa vyumbani kwa mifereji na ambayo wakati wa baridi hugeuzwa ikatoa joto. Niseme mapema kwamba inafanya kazi, tena bila kelele, na sijutii fedha niliyoitoa. Hata hivyo nyumba nyingi za Lubumbashi hazina sababu ya kuinunua, na zile chache zinazoifaa zina masharti ambayo hayamo katika kijitabu chake, kwa kuwa kijitabu hicho kimeandikiwa nchi za theluji. Jina la kiwanda siliandiki: ninachokipima ni aina ya mashine, na mashine za aina hii zinafanana sana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Nchi hizo za theluji ni Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako nyumba nyingi hupashwa na tanuri la gesi au la mafuta linalosukuma hewa ya moto vyumbani. Wengi hudhani kwamba moto wa tanuri ndio unaokula unyevu, na sivyo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2.4 hivi za mvuke wa maji, ilhali hewa ya nyuzi 21 inaweza kubeba gramu 18 na zaidi. Hewa ile ya nje, hata kama ilikuwa imeshiba unyevu kabisa, ikiingia ndani na kupashwa hubaki na unyevu wa asilimia 12 hivi tu. Kwa hiyo mwenzetu wa huko anapambana na baridi kali, nasi tunapambana na majira. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hutuaga karibu mwezi wa Aprili na hazirudi kwa uhakika hadi mwisho wa Oktoba au Novemba. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Septemba linaweza kupita 30, na hapo ndipo midomo hupasuka, watoto hutoka damu puani, na kabati za mulombwa huachana kwenye viungo vyake kwa mlio unaowaamsha watu usiku.

Katika kuchagua, jambo lililonishughulisha zaidi halikuwa bei bali maji. Visima vingi vya mji huu vimechimbwa katika miamba ya dolomiti, na mtu yeyote mwenye birika la umeme ameuona utando mweupe unaojengeka ndani yake. Chokaa hiyo ndiyo iliyoniondoa kabisa kwenye mashine ndogo za kutoa ukungu zinazouzwa katika maduka ya mjini, zile zenye taa za rangi: hazivukizi maji, huyapasua tu yakawa matone madogo sana, na kila kilichomo ndani ya maji hurushwa hewani pamoja nayo. Baada ya wiki chache televisheni, vitabu na mashuka huwa na vumbi jeupe, na vumbi hilohilo ndilo tunalolivuta kwa pua. Kwa maji yaliyochujwa hadi madini yakatoka, mashine hizo si mbaya. Kwa maji ya kisima, nashauri mtu asizitumie chumbani mwa mtoto.

Kati ya zile za kufunga kwenye mifereji, aina ya ngoma ndiyo rahisi kwa bei na ndiyo ya kwanza kukataliwa. Ngoma yenye sifongo huzunguka ndani ya trei ya maji, na maji hayo hukaa palepale siku nzima. Huko ughaibuni hulalamikia ukungu na bakteria. Sisi tuongeze mbu, ambao hawahitaji mwaliko wa pili wakiona maji yaliyotuama. Aina ya mvuke huchemsha maji yake yenyewe, hivyo haitegemei joto la hewa, na kwa kipimo cha unyevu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lakini kuchemsha na kugeuza lita moja ya maji iwe mvuke hula takriban kilowati-saa 0.72, na hilo si hitilafu ya kiwanda bali ni sheria ya maumbile ambayo hakuna fundi atakayeikwepa. Nyumba inayohitaji lita 26 kwa siku ingelipa karibu kilowati-saa 19 kila siku kwa unyevu peke yake. Kwa mtu ambaye umeme ukikatika hutegemea betri na paneli za jua, hesabu hiyo inamaliza mjadala.

Zilibaki aina mbili zinazofanana: ya mchepuko, ambayo hutumia msukumo wa feni ya klimatizeri au ya tanuri kupitisha sehemu ya hewa kwenye wavu uliolowa, na ya feni yake yenyewe. Katika zote mbili maji hutiririka juu ya wavu, sehemu yake huvukizwa, na yaliyobaki hutoka yakiwa yamebeba chokaa. Nilichagua ya mchepuko kwa sababu kifaa pekee kinachotumia umeme ndani yake ni vali ndogo ya volti 24. Pasipo mota hakuna mota ya kuungua. Watengenezaji wanaojulikana zaidi Amerika ya Kaskazini, kama Aprilaire na Honeywell, wana mashine za aina hizi zote mbili, na bei ya huko kwa ile ya mchepuko huwa kama dola 200 hadi 300. Usafiri hadi Lubumbashi ni hesabu nyingine.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achukue kalamu. Hewa ya nyuzi 24 ikishiba hubeba karibu gramu 22 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kuipandisha kutoka asilimia 25 hadi 45 ni kuiongezea gramu 4.4. Nyumba ya mita za ujazo 250 inahitaji basi kilo moja na kidogo ya maji. Ni machache mno, mtu angeweza kuyamwaga sakafuni yakakauka yenyewe. Tatizo ni kwamba hewa haikai. Hewa yote ya nyumba ikibadilishana na ya nje mara moja kwa saa, kilo hiyo moja inahitajika kila saa, na ndipo zinapopatikana zile lita 26 kwa siku nilizozitaja. Ikibadilishana mara tatu, ni lita karibu 80, na hakuna mashine ya mchepuko itakayozimudu. Nyumba zetu zilijengwa zipumue: madirisha ya vioo vya vipande visivyobana, matundu ya hewa juu ya kuta, milango yenye mwanya wa vidole viwili chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi niliyoifanya haikuhusu mashine, ilihusu mpira wa kuziba madirisha na vipande vya mbao chini ya milango. Kazi hiyo peke yake ilionekana kwenye kipima unyevu, hasa jioni baada ya watu kupika na kuoga.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halina utani. Wengi wetu tunaota moto wa mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ndani ya nyumba katika baridi ya Julai. Makala yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na katika nyumba iliyozibwa gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Anayeziba nyumba yake kwa ajili ya unyevu aiweke mbabula nje moja kwa moja, na jiko la gesi liwe na tundu lake la kutolea hewa.

Kwenye kufunga, fundi wa klimatizeri niliyempata alikuwa hodari kwa kukata mabati, ingawa alinitazama kwa huruma. «Papa, juu ya nini kununua unyevu? Mvua si itakuya?» Mwili wa mashine ulifungwa kwenye mfereji wa kupeleka hewa, na bomba la mchepuko likaunganishwa na mfereji wa kurudisha hewa. Mashine iwe sawasawa kwa pimamaji, la sivyo maji hushuka upande mmoja wa wavu na upande wa pili hubaki mkavu. Kijitabu kinapendekeza vali ya kutoboa bomba kwa sindano ili kuchukua maji. Nilikataa, kwa sababu tundu la sindano huzibwa na chokaa upesi na vali hizo zinajulikana kwa kuvuja. Kiungo cha njia tatu chenye robine ya kawaida ni kazi ya saa moja kwa fundi wa maji.

Umeme una mtego wake. Transfoma inayokuja na mashine ni ya volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, nasi tunatumia volti 220 na mizunguko 50. Kununua transfoma ya 220 kwenda 24 ni rahisi, lakini vali iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 peke yake hupata moto zaidi kwa 50, hivyo mnunuzi asome kibandiko chake na atafute ile iliyoandikwa 50/60. Vali iunganishwe pia na feni, ili maji yasifunguke wakati hewa haitembei. Fundi alitaka kuiacha ijitegemee kwa sababu waya haukutosha. Nilimwomba arudi na waya mrefu.

Maji ya bomba hayaji kila saa, kwa hiyo nyumba isiyo na tangi la juu isihangaike. Tangi lenye kimo cha mita tano hutoa shinikizo la nusu ya bari, nalo ni dogo kuliko lile ambalo tundu la mashine limepimiwa, hivyo maji hupita polepole kuliko ilivyokusudiwa. Kuna jambo jingine ambalo kijitabu hulipitia haraka: uwezo unaoandikwa kwenye boksi, mara nyingi lita 45 hadi 65 kwa siku, hupimwa kwa hewa ya nyuzi 49 iliyotoka tanurini, feni ikizunguka bila kukoma. Klimatizeri inayotoa joto haifiki huko. Nilipunguza pengo hilo kwa kuilisha mashine maji ya moto kutoka kwenye kipasha maji cha jua, ambacho katika kiangazi chetu kisicho na mawingu hujaa kila siku. Maji ya moto huvukizwa kwa urahisi zaidi, na bado yanakuwa na uvuguvugu hadi usiku wa manane.

Katika matumizi, unyevu wa vyumba vya kulala umekuwa ukikaa kati ya asilimia 40 na 45, wakati sebule, yenye mlango unaofunguliwa kila mara, haipiti 35. Sikuipandisha zaidi ya hapo. Nje kukiwa na nyuzi 8 na ndani nyuzi 20, kioo kimoja cha dirisha huanza kutoa jasho unyevu ukikaribia asilimia 55, na jasho hilo likishuka kwenye mbao na rangi huleta ukungu mweusi. Kiwango kinachoshauriwa kwa kawaida ni asilimia 30 hadi 50, na sioni faida ya kukivuka. Kabati zimetulia. Kuhusu pua za watoto naona nafuu, lakini mimi si daktari.

Septemba ilinipa matokeo ya wastani. Feni ikizunguka bila joto, uvukizaji hupungua sana, ingawa hewa inayotoka huwa na ubaridi kidogo kwa sababu maji yanapovukizwa hunyang'anya hewa joto lake. Anayetegemea mashine hii imponye joto la Oktoba atakata tamaa.

Kinachoudhi zaidi ni vumbi. Udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami huingia kwenye mfereji wa kurudisha hewa, na ukifika kwenye wavu uliolowa huwa tope. Chujio la klimatizeri ambalo zamani lilioshwa mara moja kwa msimu sasa linahitaji kuoshwa kila mwezi. Wavu wenyewe, ambao kwa maji laini hudumu msimu mzima, kwetu hugeuka jiwe kabla ya msimu kuisha. Kuuloweka ndani ya siki huuongezea maisha kidogo tu. Nyavu za akiba ziagizwe pamoja na mashine, kwa maana sijaziona katika duka lolote la hapa.

Maji yanayotoka ni mengi kuliko yanayovukizwa, na hilo lingekuwa doa kubwa katika mji unaohifadhi maji kwa ndoo, kama bomba la kutolea nisingelielekeza kwenye tuta la lengalenga nyuma ya jikoni. Chokaa haijaidhuru mboga. Mama wa nyumba huihesabu bustani hiyo kuwa ndiyo faida ya kwanza ya mashine, na sina hoja ya kumpinga.

Nyumba isiyo na mifereji ya hewa isijengewe mifereji kwa ajili ya jambo hili. Kwa chumba kimoja cha mita za ujazo 36, kilichozibwa vizuri, mashine ya kusimama sakafuni yenye utambi na feni, inayovukiza lita saba au nane kwa siku, hutosha na kubaki, haitaki fundi, na huhama pamoja na mwenyewe. Mpangaji hasa aifikirie hiyo kwanza, na akitaka hii kubwa apate ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, kwa sababu shimo lililokatwa kwenye mfereji wa hewa halifungwi katika masanduku siku ya kuhama.