Waliniuzia steringi boksi, kumbe ugonjwa ulikuwa bushi za Panhard

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Gari ni Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi, la 1996. Tatizo ni usukani mlegevu. Ukifika kilomita 70 kwa saa kwenye lami, gari linaanza kujitafutia njia: unalirudisha kushoto, linakwenda kulia, mikono haipumziki. Kwenye mteremko wa Iwambi, lori nyuma na lori mbele, hilo si jambo la kuvumilia. Gereji ninayoisema iko hapa hapa Mbeya, si mbali na barabara kuu ya Tunduma. Jina silitaji.

Fundi mkuu aliushika usukani gari likiwa limezimwa, akautikisa mara mbili, akasema, "Steringi boksi imekufa," yaani boksi ya meno inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye matairi. Hakulala chini. Hakushika tairi hata moja. Ombi langu lilikuwa dogo: injini iwashwe, matairi yakiwa yamekanyaga ardhi, mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, yeye achungulie chini. Dakika mbili tu. Akanijibu mbele ya vijana wake na wateja wengine wawili: "Dada, kakae pale kwenye benchi. Land Rover zote ndivyo zilivyo. Ukitaka gari la kunyooka nunua Noah."

Jibu hilo lilinigharimu shilingi 900,000, boksi ya mtumba pamoja na ufundi. Kwa haki niseme boksi ya zamani ilikuwa inavuja mafuta kweli, ndiyo maana nilikubali. Lakini kuvuja ni kitu kimoja na kuyumba ni kingine, na fundi wa Land Rover anapaswa kulijua hilo kabla hajashika spana.

Boksi ikafungwa, gari likayumba vile vile. Hapo ndipo walipoharibu zaidi. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kuifunga, kazi yake ni kupunguza pleyi, yaani ule mwendo wa bure wa usukani, matairi yakiwa yamenyooka. Inavyotakiwa, unainua mbele ya gari, unanyoosha matairi, unakaza kidogo kidogo mpaka ukingo wa usukani usitembee bure zaidi ya kama milimita 10, halafu unauzungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukihisi popote panabana, unalegeza. Wao walikaza kana kwamba wanafunga nati za rimu. Matokeo yake, ukitoka kwenye kona usukani haurudi, lazima uurudishe kwa mikono. Na usukani usiojirudi unayumbisha gari kuliko ule mlegevu, kwa sababu kila ukirekebisha unapitiliza, ukirudisha unapitiliza tena. Juu ya hayo, meno ya boksi yanalika.

Halafu wakalipeleka alaimenti, kupimwa mnyooko wa matairi. Bushi, ile mipira ya kwenye maungio, zimekufa, ekseli yenyewe inahamahama, wewe unapima nini? Na waliweka matairi yabane kwa mbele kama wanavyofanya kwenye pikapu nyingine. Defender ni kinyume. Matairi manne yote yanavuta muda wote, kwa hiyo ya mbele yanajivuta kwenda ndani gari likiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana kiwanda kinataka yawe yamefunguka mbele kati ya 0 na milimita 2. Mtu wa alaimenti asipoambiwa hivyo ataweka alichozoea, na gari litatangatanga hata kama kila kitu chini ni kipya. Upepo nao walijaza PSI 45 matairi yote manne. Kwa tairi za 7.50 R16 kwenye 110, mbele ni 28 na nyuma 48. Tairi ya mbele iliyojaa kupita kiasi inakanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati na inafuata kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami.

Aliyelitibu gari ni kijana wa gereji hiyo hiyo. Mkubwa wake alikuwa amekwenda kula. Kijana akalala chini na tochi ya simu, mimi nikakaa kwenye usukani, injini inanguruma. Nilitikisa mara tatu tu, akaniita, "Dada, hebu njoo uone." Tukabadilishana, na hiki nitakieleza taratibu kwa sababu ndicho kiini.

Mbele ya ekseli kuna mkono wa chuma unaotoka kwenye chasisi upande wa dereva hadi kwenye ekseli upande wa pili. Huo ni mkono wa Panhard. Kazi yake ni kuizuia ekseli isisogee kushoto na kulia. Una bushi mbili za mpira, moja kila ncha. Kijana alipotikisa usukani, dragi linki, fimbo inayotoka upande wa boksi kwenda kugeuza matairi, ilisukuma, lakini matairi hayakugeuka kwanza. Ilianza kusogea ekseli nzima, pamoja na difu, na ncha ya mkono ikacheza kwenye bolti yake kama jino linalotaka kung'oka. Kati ya mpira na chuma ungeweza kuingiza ukucha. Kuzunguka pale kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga wa ulezi, alama ya chuma kilichosagana na chuma muda mrefu. Kwa hiyo kila nilipogeuza usukani, sehemu ya kwanza ya mgeuko iliishia kusogeza ekseli. Ungefunga boksi kumi mpya, ugonjwa ungebaki.

Bushi mbili zilikuwa shilingi 30,000. Zinatolewa kwa presi. Pasipo na presi, jiliwa na kipande cha bomba, na lile ganda la chuma la nje ya bushi likigoma unalikata kwa msumeno wa chuma bila kugusa tundu. Angalia na tundu la bolti kwenye chasisi: likiwa limelika kuwa kama yai, bushi mpya haitadumu. Bolti unazikaza mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema.

Tulipokuwa chini tukamalizia mengine. Bolti za steringi boksi kwenye chasisi, sawa. Yunivasal jointi za shafti ya usukani, ya chini ilikuwa imeanza kuchoka. Kisha tukainua tairi moja moja kwa jeki. Mkono mmoja juu ya tairi, mwingine chini, vuta sukuma. Likicheza, mtu akanyage breki: pleyi ikipotea, ni beringi za wili, ikibaki, ni kingpini, zile pini ambazo tairi la mbele hugeukia, na hapo unapunguza shimu, vibati vyembamba vya kujazia, chini ya kifuniko cha pini ya juu. Usibane sana, kingpini zilizobana nazo zinazuia usukani kurudi. Na kama gari linabadili uelekeo unapotoa mguu kwenye mafuta, ondoka mbele, nenda nyuma ukaangalie boljointi iliyo juu ya difu na bushi za mikono ya nyuma. Langu huko lilikuwa zima.

Beringi zangu waliwahi kuzifunga hao hao miezi ya nyuma, na zilikuwa safi, grisi nzuri, hazichezi. Hapo nilianza kulegea. Nikasema moyoni nitawapa nyota tatu, fundi mkuu ana mdomo mchafu lakini kazi ya mikono wanaijua.

Kisha nikainua macho kwenye dropu amu, mkono mfupi unaotoka kwenye steringi boksi. Pale dragi linki inaposhikana nayo kuna nati ya taji, yenye meno juu, na nati ya aina hiyo hufungwa kwa spliti pini inayopita katikati ya meno. Tundu lilikuwa tupu. Waliifungua walipobadili boksi, wakairudisha bila pini. Niliigeuza kwa vidole, ikazunguka. Kwa wiki nzima gari hilo lilikuwa limekwenda Tukuyu na kurudi, limeshuka Iwambi na watu sita ndani, na dragi linki ikichomoka pale, usukani unazunguka mkononi na matairi hayasikii chochote.

Fundi mkuu aliporudi nilimwonyesha. Akasema nati hiyo haitoki, imeshikwa na kutu. Ilikuwa inang'aa.

Nyota tatu nimezifuta. Nyota moja, nayo ni ya yule kijana. Spliti pini niliifuata mwenyewe Mwanjelwa kwa shilingi 500, nikamletea, akaifunga na kuikunja ncha zote mbili mkubwa wake akiwa ameketi kwenye benchi.