Breki za Gari la Kasi: Nunua Pedi Inayoshika Ikiwa Bado Baridi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa nateremka mlima wa Isamilo, hapa Mwanza. Gari lilikuwa limelala nje, mvua imelinyeshea usiku kucha. Akina mama wenye mabeseni walikuwa wanavuka kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nikakanyaga breki, pedeli ikawa ngumu kama jiwe, na Subaru WRX yangu ikaendelea kushuka. Nilivuta breki ya mkono, nikasimama hatua mbili tu kutoka kwenye beseni la kwanza. Pedi, vile vibao vinavyoibana diski ya chuma ya gurudumu, zilikuwa mpya kabisa, za mashindano, na nilikuwa nimezidundulizia pesa miezi mitatu.

Fundi alifungua magurudumu yote akakuta kila kitu kizima. "Dada, hizi zinataka zipate moto kwanza," akasema. Ndiyo siri ambayo dukani hakuna aliyenitajia. Pedi ya mashindano imechanganywa kwa ajili ya diski yenye joto la nyuzi mia kadhaa. Ikiwa baridi inateleza juu ya diski na kuikwangua bure. Sisi wa milimani, breki ya kwanza ya siku ndiyo breki ya mteremko. Kwa hiyo napanga pedi kwa kigezo hicho kimoja: zinavyoshika zikiwa baridi. Saizi ya diski na bei mtaulizana na fundi wenu.

Kabla hujalipa, toa pedi kwenye boksi usome ubavuni. Pedi nyingi, hasa za Marekani na Asia, zina herufi mbili mwishoni mwa namba: EE, FF, GG. Ya kwanza ni mshiko wa joto la kawaida, ya pili ni wa joto kali. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona EG, jua kwamba inaanza dhaifu. Lakini hata hiyo herufi ya kwanza hupimwa kuanzia nyuzi 93 hivi, joto ambalo gari lililolala Isamilo halina. Ndiyo maana mimi natafuta pia mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha mshiko kuanzia baridi kabisa. Asiyeutoa mchoro huo simnunulii.

Namba moja kwangu ni Ferodo DS2500, na sifichi mapenzi yangu. Inafanya kazi kuanzia nyuzi 20 hadi 500, kwa hiyo inakushusha mlimani alfajiri na bado inavumilia ukikimbia Shinyanga na kurudi. Itapiga kelele kidogo; ivumilie. Kampuni hii aliianzisha Herbert Frood huko Uingereza mwaka 1897, na inasimuliwa kwamba alipata wazo kwa kuona mikokoteni ya farasi ikizuiwa milimani kwa viatu vikuukuu vilivyobanwa kwenye gurudumu. Mtu wa milima alitutengenezea sisi wa milima.

Ya pili ni Hawk HPS: inashika mapema, ila ukiichosha kwa mwendo mkali itapungua nguvu kabla ya Ferodo. Ya tatu EBC Yellowstuff. Pedi za bei ya chee zisizo na jina wala herufi, achana nazo.

Kwenye diski, chukua ya kawaida yenye nafasi ya hewa katikati, Brembo ikipatikana. Yenye mistari iliyochongwa ni ya pili. Zile za matundu zinapendeza kwenye picha, lakini nyufa huanzia kwenye tundu. Ya mtumba ipime unene na ulinganishe na maandishi MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa, yaliyogongwa juu yake. Na anayekuuzia kalipa (zile zinazosukuma pedi) za Brembo za Subaru STI za kabla ya 2018 akuambie pia kwamba diski zake za mbele ni milimita 326, zinataka rimu kuanzia inchi 17.

Bei ndiyo inaniuma zaidi. Wauzaji wakiona tundu la hewa kwenye boneti, bei inapanda kabla sijafungua mdomo. Mmoja aliniambia "seti" kumbe ana pedi mbili tu, za gurudumu moja. Mwingine alikataa nisifungue boksi, eti nitaharibu mzigo. Huo mzigo naufunga kwenye gari linalonibeba mimi na wanangu!

Zile za mashindano nilizirudisha dukani nikiwa na risiti. Yule kaka akaniambia, "Mbona wenzako hawalalamiki?" Hakurudisha hata shilingi. Mpaka leo ziko kwenye boksi lake chini ya kitanda. Wawili wameshazitaka kwa bei nzuri, nikawauliza wanakaa wapi. Mmoja Bugando, mwingine Isamilo, wote milimani. Sikuwauzia.