Pencheni Jamii: niionavyo nikiwa dukani kwangu Konde

Mimi si mpokeaji wa pencheni hii ya wazee wa Zanzibar, umri bado. Nina duka la rejareja Konde, kaskazini mwa Pemba, na daftari la mkopo ndilo linalonambia pesa ya wazee imeingia au haijaingia. Ikiingia, asubuhi hiyo huja kina bibi na bakora zao kufuta madeni, na wengine huagiza sukari kwa sauti kubwa kuliko siku nyengine.

Sifa zipo, tena kubwa. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi humlipa Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa na alichuma karafuu za watu umri wake wote. Haji mtu kukuhesabia kuku na mabati ili aamue kama umasikini wako unatosha. Waliosuka ukili na kulima mwani hawakuwa na mfuko wowote wa kuwangoja uzeeni. Kwa hilo nyota tano, sina ubishi.

Kiwango ndicho kinachonitoa roho. Kilianza 20,000 kwa mwezi, kikakaa hapo miaka huku mimi nikibandika bei mpya kwenye rafu, kisha kikapanda hadi 50,000. Tulishangilia, na haki yetu. Lakini igawe kwa siku 30: ni 1,666 na vichele. Kwangu mapembe, mchele wa chini kabisa, kilo moja imeshapita hapo, na bado hujatia nazi wala kitoweo. Jirani yangu mmoja analea wajukuu wawili. Akishalipa deni la mwezi uliopita, akachukua mchele, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, kinachobaki mkononi ni nauli ya Wete. Hapohapo hunambia, "Nifungulie ukurasa mpya, mwanangu."

Wapo wanaosema watoto wao wawalee. Wanalea! Lakini kijana mvuvi, kusi ikivuma na chombo hakitoki, atatuma nini?

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi. Basi kila bajeti ya Juni kiwango kifuate hesabu hiyo, tena ya chakula hasa, maana pesa ya mzee huishia jikoni. Hanunui simu mpya wala samani. Kupandishwa mara moja kisha kusahauliwa kwa miaka ni kumpunguzia kimyakimya. Hapa natoa nyota mbili.

Malipo yenyewe si mabaya. Wazee wa mtaani kwangu hupokea kwa simu, foleni ya juani imekwisha. Ila namba ya siri huwa anayo mjukuu, na wakala naye ana makato yake.

Mwenye mzazi anayekaribia 70 atazame mapema mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Wengi walikadiriwa tu. Mteja wangu mmoja anayakumbuka Mapinduzi ya 1964, tayari alikuwa binti wa kutwanga mpunga, lakini kadi yake inasema hajafika umri. Amekwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, kuulizia marekebisho. Kwa sasa anachukua kwa mkopo, na mimi naandika.